Daktari Denis Burkitt na Sahani Yetu ya Ugali

Katika matoleo yaliyopita ya gazeti letu mmesoma habari za wafalme, wasafiri na mashujaa wa vita. Nami leo naomba nafasi niwasimulie maisha ya mganga mmoja aliyekaa Uganda miaka ishirini. Jina lake halitajwi sana huku kwetu pwani, walakini kazi yake inaihusu sahani ya kila mmoja wetu. Jina lake ni Denis Burkitt.

Kabla sijaanza, sina budi kuungama jambo moja. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa miongoni mwa wanafunzi waliomwandikia Mkuu wa Shule barua ya kuomba ugali wa dona uondolewe bwaloni, tupewe ugali wa sembe nyeupe. Mwandiko wa barua ile ulikuwa wangu. Tuliandika kwamba dona ni chakula cha kuku. Mtakapofika mwisho wa habari hii mtajua kwa nini sasa naona haya kuikumbuka.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja ya wilaya, na pia alikuwa mpenzi wa ndege. Aliwakamata ndege wadogo wa bustanini, akawavika pete za madini miguuni, akachora ramani kuonyesha kila ndege anakaa wapi na mpaka wake unaishia wapi. Nawaomba mlikumbuke jambo hili la ramani, kwa maana mtoto alilirithi.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mtoto mwenziwe alirusha jiwe likampiga usoni likavunja miwani yake, na jicho la kulia likapotea. Tangu siku hiyo hata kufa kwake aliishi kwa jicho moja. Alipokuwa kijana aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini baada ya muda akabadili nia akasomea uganga. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata cheo cha daktari mpasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi ya uganga katika makoloni, mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Hakukata tamaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika jeshi, akafika Kenya na Somalia, na huko ndiko alikoanza kuipenda Afrika.

Mwaka 1946 alipelekwa Uganda, akawekwa Lira katika wilaya ya Lango. Huko alikuta wanaume wengi wana mabusha, ugonjwa ambao sisi watu wa Bagamoyo, Saadani na Pangani hatuhitaji kuelezwa, maana wazee wetu wengi wameugua mabusha na matende. Waganga wengine wangepasua tu na kushona, kesho wakapasua tena. Burkitt alipasua na kushona pia, lakini aliuliza kila mgonjwa ametoka kijiji gani. Akagundua kwamba mabusha yalikuwa mengi upande wa mashariki wa wilaya na machache sana upande wa magharibi. Leo twajua kwamba ugonjwa huo huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Toka hapo akajifunza kwamba ukitaka kujua ugonjwa unatoka wapi, uliza kwanza unakaa wapi.

Baada ya Lira alihamishiwa hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenziwe, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mmoja aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakupata kuona uvimbe wa namna ile. Haikupita muda mrefu, akiwa katika hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Mara moja ni bahati, mara mbili ni jambo la kuulizwa. Akatafuta katika vitabu vya hospitali, akaona watoto wengi wamekufa kwa uvimbe huo, nao ulikuwa saratani. Mwaka 1958 aliandika habari zake katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Hata leo saratani hiyo huitwa kwa jina lake.

Sasa alitaka kujua inakaa wapi. Alituma barua na picha za watoto kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Kisha mwezi wa Oktoba 1961 akanunua motokaa kuukuu aina ya Ford kwa paundi 250, akaondoka Kampala pamoja na marafiki wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ambao nao walikuwa waganga. Walisafiri majuma kumi na maili zipatazo 10,000, wakapita Tanganyika na nchi za kusini, wakisimama katika hospitali zaidi ya hamsini kuuliza swali lile lile. Miezi hiyo hiyo nchi yetu ilikuwa ikijiandaa kupandisha bendera ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Waliporudi, ramani ilionyesha kwamba ugonjwa ule unakaa kwenye joto na mvua nyingi, na haupandi kwenye milima yenye baridi. Hiyo ndiyo ramani ya mbu na malaria pia. Mwaka 1964 wataalamu Epstein, Achong na Barr walivumbua virusi katika vipande vya uvimbe alivyovituma Burkitt kwa ndege mpaka London. Leo wataalamu wanaelewa kwamba virusi hivyo pamoja na malaria vinashirikiana kumletea mtoto ugonjwa huo. Wengi walipona kwa dawa ambazo Burkitt alizijaribu Kampala.

Kazi hiyo peke yake ingemtosha mtu. Walakini habari niliyotaka kuwaeleza inaanzia hapa.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Muda si mrefu akakutana na mzee mmoja aitwaye Cleave, aliyekuwa daktari katika manowari. Cleave alikuwa akiwaambia watu kwamba maradhi mengi ya wazungu, kama kisukari, unene na kufunga choo, chanzo chake ni sukari na unga mweupe uliokobolewa. Watu hawakumsikiliza. Burkitt alimsikiliza, kwa kuwa alikumbuka kwamba katika miaka ishirini ya kupasua watu Uganda hakukutana na maradhi hayo ila mara chache mno, ilhali katika hospitali za Uingereza yalijaa vitanda vyote. Basi akafanya kama alivyozoea. Akaziandikia tena hospitali zake za Afrika, safari hii akiuliza habari za kidole tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana.

Kisha akafanya jambo lililowachekesha watu wengi. Alianza kupima vinyesi. Msicheke, maana hata mimi nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Pamoja na Walker wa Afrika Kusini na Painter wa Uingereza, aliwapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana katika picha ya eksirei wavimeze, akahesabu saa mpaka vitoke, na haja zao akazipima kwa mizani. Matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza walitoa karibu gramu 100 tu, na chakula kilikawia yapata siku tatu. Katikati yao walikuwapo wanafunzi wa shule ya bweni ya Uganda, waliokuwa wamekwisha kuacha chakula cha kijijini nusu na kuanza chakula cha kizungu nusu. Nilipofika hapo niliacha kucheka. Niliona ni sisi tunaosemwa.

Tofauti, alisema Burkitt, ni nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya nafaka, maganda ya kunde na mishipa ya majani ambayo tumbo la mtu haliwezi kuyayeyusha. Watu walikuwa wakiyaona kuwa takataka. Yeye na Trowell waliyatetea kwa maandishi na kwa hotuba nchi nyingi, na mwaka 1981 wakatoa kitabu pamoja juu ya maradhi ya nchi za magharibi. Wenzao walionyesha vile vile namna makapi yanavyozuia unene. Mwaka 1977 huko Bristol watu kumi walipewa matufaha, siku moja wakayala mazima na siku nyingine wakanywa maji yake. Maji yalikwisha mara kumi na moja upesi zaidi kuliko tufaha zima, wala hayakushibisha sawasawa. Mwenye shaka na ajaribu kwa nanasi la Kiwangwa. Atoe juisi ya mananasi mawili ainywe, kisha siku nyingine ajaribu kuyatafuna yote mawili. Taya zitamwambia basi kabla tumbo halijajaa.

Denis Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Lakini maarifa hayakufa naye, na mengine hakuyaona. Yeye alidhani nyuzinyuzi ni kama sifongo, zinashika maji na kukisukuma chakula. Mwaka 1980 wataalamu wa Cambridge walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kinyesi, ukiondoa maji, ni bakteria. Maana yake ni kwamba yale makapi hatuyali sisi, bali tunawalisha wageni wetu. Katika utumbo mpana wa kila mmoja wetu wamo bakteria wasiohesabika, nao nyuzinyuzi ndizo posho yao. Wakila huzichachua, kama vile togwa inavyochachuka mtungini, na katika kuchachuka huko hutoka asidi nyepesi.

Hapa ndipo habari ya tumbo inapofika kichwani. Asidi hizo huamsha chembe fulani katika ukuta wa utumbo, nazo hutoa homoni, mojawapo ikiitwa GLP-1. Homoni hizo hupelekwa na damu, na ishara nyingine hupanda kwa mshipa mkubwa wa fahamu utokao tumboni mpaka ubongoni, zikitoa taarifa kwamba mwenye nyumba ameshiba, na aweke kijiko chini. Dawa mpya za kupunguza unene, zinazouzwa ghali ulimwenguni siku hizi, zinaiga homoni hiyo hiyo. Mtu alaye sembe, chipsi na soda tu huwanyima posho wale wageni, na taarifa huwa hafifu. Wataalamu wa Marekani walichukua bakteria wa mapacha, mmoja mnene na mwenziwe mwembamba, wakawapandikiza katika panya waliolelewa bila bakteria wowote. Panya waliopata bakteria wa pacha mnene walizidi mafuta. Hayo yalichapishwa mwaka 2013. Kweli panya si mtu, na unene wa mtu una sababu nyingi, pamoja na ukoo, kukaa kitako na kukosa usingizi. Lakini njia kutoka tumboni hadi ubongoni ipo, wala si hadithi.

Na ushahidi mwingine umetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2014 wataalamu waliandika kwamba Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi, walao mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, wana bakteria wa aina nyingi zaidi tumboni kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao. Mwaka 2025 ukatoka utafiti wa Kilimanjaro, uliowahusu wanaume 77. Wengine waliokuwa wakila chakula cha asili walipewa chakula cha kizungu kwa majuma mawili, na wengine wa mjini wakapewa chakula cha asili. Kwa majuma mawili tu damu za wale wa kwanza zilianza kuonyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, na za wale wa pili zikatulia. Nakumbuka likizo ya mwezi mmoja nilivyoitumia, naogopa.

Sasa niwaambieni kwa nini nimeyatafuta haya yote. Nina mjomba wangu anayekaa Bunju. Alizaliwa kijijini kwetu, karibu na Bagamoyo, akakua kwa muhogo, kunde, kisamvu na samaki, mwembamba kama mwanzi wa dau. Alipopata kazi ya kuendesha daladala alihamia barabarani. Kutoka Bunju mpaka Mapinga, Kerege na Zinga, kila kituo kina kikaango cha chipsi na sanduku la soda, na dereva hana muda wa kutafuna kunde. Alinenepa, nasi sote tukafurahi. Alipokuja kijijini bibi yangu alimpigia vigelegele, akimsifu kwamba sasa ana afya. Mimi mwenyewe niliomba Mungu ninenepe kama yeye. Alipopata kidonda kidogo mguuni alikipuuza. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kisukari kilikuwamo mwilini muda mrefu bila yeye kujua, na mwaka jana, likizo ya mwezi wa Juni, nilikuwapo hospitalini siku alipokatwa mguu. Ana miaka arobaini na mitatu.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa bayolojia maswali mengi mpaka akachoka, akanipa kitabu chenye sura moja juu ya Burkitt. Ndipo nilipojua kwamba yaliyompata mjomba yalikuwa yamekwisha kuandikwa kabla mimi sijazaliwa, na yameandikwa kwa kuwapima watu wetu wenyewe, wa Afrika ya Mashariki. Nilijiuliza kwa nini maarifa yaliyotoka katika vijiji vyetu yalipelekwa London, wazungu wakaanza kununua mkate mweusi kwa bei ya juu, na sisi tukabaki kugombania unga mweupe. Sina jibu kamili. Pengine ni kwa sababu sembe nyeupe ilikuwa chakula cha mabwana, nasi tulitaka kuwa mabwana.

Si kwamba Burkitt hakukosea. Alikuwa mwepesi wa kuyaweka maradhi mengi mno katika kikapu kimoja, na baadhi ya utafiti uliofuata haukumuunga mkono kwa kila jambo. Alipotutazama, wakati mwingine alitutazama kama watu wasiobadilika, wa kulinganishwa na wazungu, ilhali hata wakati ule wanafunzi wa bweni walikuwa wanabadilika mbele ya macho yake. Lakini alikuwa na sifa mbili ambazo sisi wanafunzi tunaweza kuziiga. Kwanza, hakuona haya kuuliza jambo dogo au jambo chafu, hata kupima kinyesi. Pili, aliwaamini waganga wadogo wa hospitali za mbali, akawaandikia, akasoma majibu yao moja moja. Mtu mwenye jicho moja aliona yaliyowapita wenye mawili.

Muhula huu nimechaguliwa kiranja wa bwalo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kwa Mkuu wa Shule kukiri kwamba barua ile ya kidato cha pili niliiandika mimi, na kumwomba dona irudi. Alicheka, kisha akakubali irudi siku tatu kwa juma, na mchicha wa bustani ya shule uongezwe. Naomba nisiwafiche kwamba siku ya kwanza wanafunzi wa kidato cha kwanza waliimwaga nusu ndoo, na mmoja akaniuliza kama nataka kuwafuga. Sikukasirika, maana niliyasikia maneno yangu mwenyewe kinywani mwake.

Jumapili iliyopita mjomba alinipigia simu kwa mwalimu wa zamu. Anatembea kwa magongo, amerudi kijijini, na bibi anampikia kunde na kisamvu kama zamani. Aliniuliza shuleni tunakula nini. Nikamwambia dona. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niile yote, nisibakize.

Basi, ndugu zangu wa kidato cha kwanza, mkiiona dona sahanini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, msinilaumu. Mimi namaliza mwezi wa Novemba na kuondoka. Nyinyi mna miaka mitatu bado, na miguu yote miwili.